Picha Iliyozeeshwa

Bi Lenzi akinunua maziwa huyanusa mara mbili: mara ya kwanza mbele ya muuzaji ili muuzaji aone, na mara ya pili nyumbani ili ajue mwenyewe. Akiambiwa mtoto ana miaka mitano, hutazama meno kwanza. Sisemi haya kumsengenya. Mwenyewe huyasimulia bila haya, na akimaliza hukumbusha kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ila yeye hakuona haja ya kungoja kuumwa.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya kioo kidogo cha kukuzia anachokivaa shingoni kwa kamba, kama wengine wanavyovaa funguo. Ana miaka hamsini na minane. Studio yake ni chumba kimoja kirefu na chembamba, upande mmoja fundi cherehani, upande wa pili duka la rangi za nyumba. Mbele kuna kaunta, nyuma kuna pazia la kijivu la picha za pasipoti, na nyuma ya pazia kuna mlango wa kile kilichokuwa chumba cha giza cha kusafishia filamu. Siku hizi ndimo zinamokaa ndoo na fagio.

Kazi aliianza akiwa na miaka kumi na saba, kwa mjomba wake. Mjomba hakumpa kamera. Alimpa brashi ya nywele tatu, kichupa cha wino na rundo la picha zenye madoa. Kwa wale mliozaliwa juzi, niwaambie: filamu ilivuta vumbi kama sukari inavyovuta sisimizi, na kila punje ya vumbi ilitokea kwenye picha kuwa doa jeupe, kwenye shavu la bibi harusi, kwenye paji la uso la mwalimu mkuu. Bi Lenzi aliyaziba madoa hayo moja moja kwa ncha ya brashi, mpaka mtu asijue kwamba yalikuwepo. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi, shingo ikapinda kidogo upande wa kushoto, na haijanyooka hadi leo.

Basi fikirieni hasira zake vijana walipoanza kumletea simu zenye picha walizopiga asubuhi ile ile, zimejaa mikwaruzo, rangi imefifia, na vumbi juu. Simu ina macho matatu mgongoni, inaweza kuhesabu kope za mtu aliye ng'ambo ya barabara, halafu mwenyewe anaitia programu ya kuifanya ione kama kamera ya plastiki iliyodondokea kwenye karai.

"Ujana wangu umeishia kufuta vumbi," alikuwa akimlalamikia fundi cherehani, "leo watu wanalitafuta kwa tochi."

Fundi cherehani ni mtu mpole mwenye ulimi usio mpole. Alimjibu kwamba hata yeye hushona suruali mpya, kesho yake huletewa azichane magoti, na hajawahi kulia.

Sasa, kabla binti hajaingia, lazima niwaeleze habari ya mdogo wake Bi Lenzi. Alikuwa fundi umeme, mtu wa kuhama na kazi, miezi sita hapa, mwaka kule. Alifariki miaka miwili iliyopita baada ya kuugua muda mfupi. Hakuacha mke wala mtoto, au ndivyo ilivyojulikana. Aliacha vyumba viwili katika nyumba ya wazazi wao, anamokaa Bi Lenzi, naye Bi Lenzi hakujaliwa kuzaa. Msiba haujaisha vizuri, wakaanza kuja watu. Mmoja alisema marehemu alimwahidi ngazi. Mwingine alisema aliahidiwa chumba, tena mbele ya mashahidi, ambao kwa bahati mbaya wote walikuwa wamehama. Fundi akifa, hata ngazi yake hupata ndugu. Bi Lenzi akanunua makufuli mawili.

Binti alikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, anafanya kazi duka la dawa, koti lake jeupe amelikunja ndani ya mfuko. Akasimama mbele ya kaunta, uzito wote kwenye mguu mmoja, akasema, "Shikamoo, shangazi."

Wateja humwita mama, au humwita bibi wakitaka kupunguziwa. Shangazi hakuna. Bi Lenzi aliitikia marahaba, akamwuliza kama anataka picha za pasipoti.

"Sitaki picha. Nimeleta picha."

Alichokieleza kilikuwa kifupi, kama mtu aliyekifanyia mazoezi njiani. Mama yake alikuwa amemtajia baba yake siku yeye binti alipotimiza miaka ishirini: fundi umeme, jina fulani, ana dada mwenye studio ya picha. Alitafuta studio zote mpaka akafika hii, na hapa mtaani akasikia kwamba baba mwenyewe amefariki. Kwa vyumba hakuwa na haja, wala hakujua kama vipo. Alitaka kujua ametoka kwa nani, na kama ikiwezekana, awe na mtu wa upande ule wa kumwamkia.

"Kila anayekuja hapa hataki kitu," Bi Lenzi alisema. "Ndiyo maana nimenunua makufuli."

Hata hivyo alimwambia aitume ile picha iliyo kwenye simu, akaifungua kwenye kompyuta. Mwanamume na mwanamke wamesimama mbele ya ukuta. Shati la kahawia, ukuta wa kahawia, mwanamke wa kahawia, kana kwamba wote wamechovywa kwenye chai. Kutoka pembe ya kushoto ulipanda mwanga mwekundu kama ulimi wa moto, ukalamba nusu ya uso wa yule mwanamume. Juu kulia palikuwa na unywele na vidoa vya vumbi. Bi Lenzi alipoikuza, uso ulivunjika ukawa changarawe. Macho yakabaki mashimo mawili. Inawezekana ni mdogo wake. Inawezekana ni kinyozi wa mtaa wa pili. Na chini pembeni, kwa tarakimu za rangi ya chungwa, iliandikwa tisini na nane. Mwaka huo mdogo wake alikuwa bado anajifunza ufundi, ana nywele kichwa kizima kama kichaka. Huyu wa kwenye picha amenyoa.

Alimwambia binti arudi Ijumaa. Binti akashukuru, akaacha namba ya simu, akaondoka bila kuomba hata maji, na hilo nalo Bi Lenzi alilitilia shaka. Kilichomsumbua zaidi ni ule mguu mmoja. Mdogo wake alisimama vile vile tangu utotoni, kama ndege wa majini. Moyo ulimruka alipouona, akaukemea. Moyo, kwa maoni yake, ni shahidi anayenunulika kwa bei rahisi kuliko wote.

Alhamisi fundi cherehani alikuja kujisifu. Mkwe wake alikuwa amemtilia programu ya kupamba picha kwenye simu, ya kutangazia kazi zake, na akataka picha moja ichapwe abandike mlangoni: suti ya bwana harusi imetundikwa juu ya cherehani yake ya umeme. Bi Lenzi aliichapa. Akaitazama. Akavuta kioo chake shingoni, akainama.

Juu kulia mwa picha palikuwa na unywele umejikunja kama ndoana. Chini ya unywele, vidoa vitatu vimepanga foleni. Alirudi kwenye kompyuta, akaichapa na ile ya binti kwa kipimo hicho hicho, akaziweka karatasi mbili pamoja, akazibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upenye. Ndoana ikalala juu ya ndoana. Vidoa vitatu vikaingia ndani ya vidoa vitatu.

"Hii cherehani ulinunua lini?" aliuliza.

"Mwaka jana. Si tulikwenda wote?"

"Hapa imeandikwa tisini na nane."

Fundi akaisogelea karatasi, akaitazama sana. "Basi nimedhulumiwa," alisema. "Yule bwana aliniapia kwamba ni mpya."

Bi Lenzi hakuwa na nafasi ya kucheka. Katika kazi yake kuna sheria ambayo haijaandikwa popote, na mjomba wake aliirudia kila siku: vumbi moja haliangukii picha mbili. Kila picha ina vumbi lake, kama kila mtu ana alama zake za vidole. Penye vumbi la kufanana pana mtu aliyelitia, na mtu huyo ana sababu. Alikuwa amemkamata binti.

Ila furaha ya kumkamata haikudumu hata mpaka jioni. Tangu Jumanne, bila kumwambia mtu, alikuwa amefungua kufuli la chumba kimoja, ati aone kama dirisha linafunguka. Lilifunguka. Akawa amefagia pia.

Ijumaa binti alipofika alikuta karatasi mbili kwenye kaunta. Fundi cherehani naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kuazima mkasi, na mkasi wake alikuwa nao mkononi. Bi Lenzi alieleza kila kitu polepole, kidole kwenye ndoana, kidole kwenye vidoa, kidole kwenye tarehe, kama hakimu anayesoma hukumu aliyoiandika kwa mwandiko mzuri. Akamaliza kwa kumwuliza binti nani amemtuma.

Binti alizitazama zile karatasi muda mrefu.

"Vumbi ni langu," alisema. "Na tarehe ni ya programu niliyoitumia, inaandika hiyo hiyo kila siku. Lakini watu sikuwaweka mimi."

Akaeleza. Picha yenyewe ni ya karatasi, na ni ya mama yake. Mama huiweka chini kabisa ya sanduku, katikati ya vitambaa vya meza vilivyokunjwa, haijawahi kuona jua. Rangi zake ziko kama zimepigwa jana. Siku mama alipokwenda kupeleka nguo za wateja, binti aliitoa aipige kwa simu. Akaitazama, akaogopa.

"Nikawaza, huyu shangazi ni mtu wa picha. Akiona rangi mbichi namna hii, atasema nimeitengeneza juzi. Nikaona niizeeshe kidogo."

Fundi cherehani alicheka mpaka akaushika mlango.

"Kwa hiyo," Bi Lenzi alisema, "umeughushi ukweli ili ufanane na ukweli."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ile uliyoipiga kabla ya vumbi iko wapi?"

Haikuwepo. Binti alikuwa amepigia ndani ya programu yenyewe, na hiyo ikishapika haikurudishii mbichi. Kilichobaki kwenye simu ni ile chai na ule moto.

Mimi ningemwamini hapo hapo, lakini mimi hununua hata maziwa bila kunusa. Bi Lenzi alijua kwamba uongo mzuri huja na maelezo yake, umeyabeba kama mtoto mgongoni. Akasema anaitaka ile ya karatasi. Binti akajibu kwamba mama hairuhusu itoke nyumbani, na zaidi ya hayo, mama hajui kama yeye amekuja huku.

"Basi tutaifuata iliko," Bi Lenzi alisema. "Na mama yako atajua."

Walikwenda Jumapili mchana. Mama yake binti ni dobi, anafulia na kupigia pasi nyumbani. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya pasi, mashuka yamepangwa mafungu mafungu na kila fungu limebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mteja. Hakushangaa wala hakufurahi. Alimwonyesha Bi Lenzi mahali pa kukaa, akamzuia alipotaka kukaa pengine, maana pale palikuwa na nguo za watu. Alipoelezwa sababu ya safari alimtupia bintiye jicho lililoahidi mazungumzo marefu baadaye. Kisha akamgeukia mgeni na kumpima kuanzia miguuni.

Akasema hawezi kumtolea picha mtu asiyemjua. Dada wa marehemu, sawa, lakini nani aliyemthibitisha? Kioo cha kukuzia hata yeye anaweza kukivaa shingoni.

"Ndugu yako alikuwa na sikio moja halisikii," alisema. "Lipi?"

Bi Lenzi, aliyewahoji watu maisha yake yote, alijikuta ameketi wima kama mwanafunzi. "La kushoto. Tangu akiwa na miaka saba."

"Alikunywa chai vipi?"

"Bila sukari. Akiwa kwa watu alikubali sukari, halafu hakuimaliza."

Mama yake binti alizima pasi, akaingia chumba cha ndani. Alikaa huko kwa muda, wakasikia sanduku linaburutwa.

Bi Lenzi aliomba kitambaa kikavu, akafuta vidole, akaipokea picha kwa kingo zake. Aliigeuza nyuma kwanza. Ndivyo mkono wake ulivyozoea. Palikuwa na maandishi ya kiwanda yaliyopauka, yamekaa mshazari kama karatasi za miaka ile zilivyokuwa. Akaigeuza mbele, na kweli binti hakuongopa: rangi zilikuwa mbichi kabisa, za kutia shaka. Akalaza kioo juu yake.

Shati halikuwa la kahawia. Lilikuwa la samawati, limepigwa pasi, na vifungo vyake vilikuwa vyeupe vinne na cheusi kimoja, cha tatu kutoka juu.

Alikaa kwenye kile kifungo muda ambao wenzake waliuona mrefu sana. Kifungo hicho alikishona yeye. Asubuhi mdogo wake alipokuwa anaondoka kwenda kazini mbali, gari linamngoja, kifungo kilikatika naye hakuwa na cheupe, akang'oa kimoja kwenye koti la zamani la mjomba. Mdogo wake alinung'unika. Yeye akamjibu kwamba hakuna anayetazama vifungo vya fundi umeme.

Kutoka kwenye kifungo alipanda usoni. Hapakuwa na moto hapa wa kuficha kitu. Mwanamke alikuwa upande wa kushoto wa yule mwanamume, na mwanamume alikuwa amekigeuza kichwa chote, ametega sikio la kulia, kama alivyofanya kila alipotaka kweli kusikia unachomwambia.

"Nilikuwa namwambia asitikisike," mama yake binti alisema.

Bi Lenzi aliteremsha kioo. "Huyu ni mdogo wangu. Hilo naapa popote. Lakini picha inamwonyesha aliyesimama tu, haisemi kilichofuata."

"Kilichofuata nakisema mimi," alijibu mwenzake. "Ukiona huwezi kuniamini, chai ipo jikoni, unywe uende."

Akasema, huku amesimama, mikono kwenye fungu la mashuka. Yule fundi umeme alikaa kule walikokutana miezi minane, akifunga umeme kwenye jengo la ghorofa alilokuwa analifulia yeye mapazia. Kazi ilipoisha aliahidi kurudi baada ya miezi miwili. Alipiga simu mara mbili, kisha namba ikafa. Wakati huo yeye hakuwa amemwambia kuhusu mimba. Alitaka amwambie uso kwa uso.

"Sikumkimbiza," alisema. "Basi likishaondoka, mimi hutembea."

Hakulia, wala hakulaumu. Bi Lenzi alitafuta mahali pa kuushika uongo katika maneno hayo, kama anavyotafuta mkwaruzo kwenye kioo, akapapasa huku na huku, asiuone. Binti alikuwa mlangoni, kwenye mguu wake mmoja.

"Nyumbani kuna chumba," Bi Lenzi alimwambia hatimaye. "Dirisha linafunguka. Paa linavuja kidogo upande wa mlango, nitaita mtu."

"Hatujaomba chumba," mama alisema kwa ukali.

"Najua. Mngekiomba nisingekitaja."

Binti aliinamisha uso ndani ya ukosi wa nguo yake, na kwa muda hakuna aliyemtazama, kwa heshima.

Basi ikabaki picha. Bi Lenzi aliiomba kwa siku moja tu, akaitolee nakala nzuri studio. Mama yake binti akasema haitoki. Akaahidi kuacha kitambulisho. Haitoki. Akaahidi kuiacha kamera yenyewe, ambayo alikuwa nayo kwenye mfuko. Haitoki, na kamera ya nini kwa mtu anayefua? Ikabidi aipige pale pale, juu ya meza ya pasi iliyosogezwa dirishani. Hata hapo mwenyewe hakukubali kuiachia. Aliishika pembe kwa kidole gumba muda wote, kwamba upepo usije ukaichukua, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Bi Lenzi alipiga mara kumi na moja. Kidole kipo mara kumi na moja. Binti alidokeza kwamba siku hizi simu inaweza kukifuta, wanawake wawili wakamtazama kwa pamoja.

Nakala hiyo sasa iko studio, ukutani juu ya kaunta, kati ya picha ya mjomba na ile ya wazazi wao. Ni kubwa, ni safi, vifungo vyote vitano unavihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Na pembeni chini, kikubwa kama kiazi, kimevimba kwa sabuni, kidole gumba. Wateja huuliza kama mashine imekosea. Fundi cherehani amekwisha kuleta mkasi wake mara mbili ajitolee kukikata.

"Kiache," Bi Lenzi humwambia. "Ni cha wifi yangu. Haniamini hata kidogo."